Bolti za Gari Litakalopita Kalengera

Mama mudogo wangu,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa mahali pako sokoni, nyuma ya meza ya bolti, mgongo wangu umeegemea ule ukuta wa mawe meusi. Bahasha sitaifunga kwa gundi. Mama anasema kwenye vizuizi vya barabarani wataifungua tu, basi afadhali waikute wazi kuliko waichane. Papa Amani, dereva wa Kiwanja, ndiye atakuletea. Akitaka kuisoma njiani, aisome. Na yeye yumo humu.

Nimemaliza shule. Siku ile Mama alikaanga samaki wa sambaza, akapakua sahani yako pia, kisha mdogo wangu Bahati akaila. Tangu hapo niko hapa kila siku, si Jumamosi peke yake kama zamani. Wateja wengi bado wanakuulizia. Nikiwanyooshea mkono upande wa kaskazini, wanaelewa.

Nilipoanza kukaa peke yangu hapa ndipo nilipoona kwamba sijawahi kukushukuru. Ulipokuwa karibu, nilifikiri unajua.

Unakumbuka Mama aliponileta kwako, baada ya mwalimu kumwambia kwamba darasani sifungui mdomo? Alikuwa na wasiwasi, akasema labda nipelekwe kwa daktari. Wewe ulikuwa unakula muhindi wa kuchoma. Ulinimwagia rundo la bolti miguuni, ukasema, "Hizi hazina masikio. Kaa nazo." Sikuulizwa kitu mchana wote. Nilizipanga kwa unene, kisha kwa urefu. Mteja mmoja alipouliza bolti ya gurudumu, nilimwonyesha kwa kidole, na wewe ukamwambia, "Si amekujibu? Ulitaka akuimbie?"

Watu waliponiita Kimya, hukuwakataza, lakini wewe hukuniita hivyo hata siku moja. Uliniita mwana wanjye, mtoto wangu, na ukaendelea kunifundisha kama mtu anayezungumza na mwenzake. Ulinifundisha kuvuta tupa juu ya bolti. Ikiteleza, chuma kiko kigumu. Ikila kama inakwangua sabuni, weka pembeni. Ulinifundisha kuzungusha nati kwa vidole mpaka mwisho. Ikikwama katikati, bolti imevutika, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na zile za bomba la moshi, pale linaposhikana na injini, uliziweka kwenye kopo lake peke yake, kopo la maziwa ya unga.

"Ya eshapema iko na kazi mubaya kuliko zote," ulisema. "Inapata moto, inapata baridi, tena moto, na barabara inaitikisa. Na bado inapaswa kubaki palepale."

Sikujua kwa nini ulizichunga vile mpaka siku ya kukimbilia Sake.

Volkano ilikuwa imekwisha kutema, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na asubuhi ile wakatuambia mji mzima utoke. Watu walibeba magodoro na masufuria. Wewe ulifunga kitu kizito kwenye pindo la kitenge, na Mama akakugombeza, "Dunia inaungua, weye unabeba vyuma!" Tulipata nafasi nyuma kabisa kwenye basi dogo, Bahati akiwa bado mdogo kwenye mapaja ya Mama. Gari lilinguruma vibaya. Kulikuwa na harufu, na kichwa kilianza kuniuma. Mimi nilifikiri ni moshi wa mlima. Wewe ulimtazama Bahati, ukaona shingo yake imelegea.

"Simama!" ulipiga kelele.

"Mama, kusimama hapa?" dereva alijibu. "Volkano iko nyuma yetu!"

"Volkano iko nyuma, lakini sumu iko humu ndani! Simama!"

Ulimtoa Bahati kupitia dirishani, ukamlaza kando ya njia, ukampepea. Mimi nilikuwa nimesimama kando yenu, na mkono wako mwingine ukashika wangu. "Humura," ulisema. "Humura, usiogope." Ukawa unaturudia neno hilo sisi sote, hata dereva. Bahati alipotapika na kuanza kulia, Mama alipiga magoti kwenye vumbi, akacheka na kulia pamoja naye. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Kisha uliingia chini ya gari na dereva wakati injini inapoa. Ulitoka na bolti ya bomba la moshi iliyokatika, umeishika kwa kitambaa.

"Baba, nani alikufungia hii? Hii ni ya kitanda!"

"Fundi alisema zote ni sawa."

"Hii iko ya kulala, haiko ya kutembea!"

Watu walicheka, Mama mudogo. Mlima ulikuwa unatoa moshi nyuma yetu, na watu wakacheka. Ndipo ulipofungua pindo la kitenge, nikaona ulichobeba: zile za kopo la maziwa, ukazifunga mahali pa ile iliyokatika. Tulipofika Sake ulimzuia dereva asiondoke mpaka bomba lipoe, ukazikaza tena. Bahati sasa anasoma. Anapenda mpira na ni mbishi sana. Kila akinikasirisha nakumbuka shingo yake siku ile, na hasira inaisha.

Tuliporudi mjini ndipo zikaanza zile "buloni za volkano". Unajua ninazosema. Watu walitoa bolti kwenye magari yaliyoungua, wakaziuza kwa sifa: zimepita mu moto mukubwa kuliko wa injini yoyote, haziogopi tena. Soko zima lilizitaka. Wewe ulivuta tupa juu ya moja, ikaingia kama kwenye sabuni. Jirani yetu wa meza ya pili alikucheka, akasema unakataa zawadi ya mlima. Ulimjibu bila kuinua macho, "Hii haijazoea moto. Hii imechoka."

Baadaye mama yako, Nyogokuru, aliugua, ukaenda kwake Kalengera. Ulisema utarudi baada ya kuvuna maharage. Waasi wakashuka, barabara ikakatika, na simu yako ikawa inaita leo, kesho haipatikani. Kisha mji wetu nao ukachukuliwa. Hayo sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba sisi sote tuko wazima, na kwamba barabara yenu ikafunguka kwa namna ambayo hatukuiomba.

Sasa nikuambie ya juzi.

Papa Amani alikuja sokoni kwa miguu. Gari lake lilikuwa kwa fundi kule Murara, bolti za bomba la moshi zimekatika, na alikuwa na abiria wanaomngoja kwenda Kiwanja. Mama alikuwa ameniambia nimpe salamu za kukupelekea, kwa sababu anapita Kalengera. Lakini alisimama kwanza kwa jirani.

"Unipe zile za volkano," alimwambia. "Zimepita mu moto kama siye batu ya Goma. Hazisikie kitu tena."

Jirani alimhesabia. Niliinua tupa juu, labda ataiona. Hakuona. Niligonga meza. Alifikiri namfukuza nzi. Alitia bolti mfukoni, akaanza kuondoka, na mimi nikaona akilini kiti cha nyuma cha gari lake, na mtu akirudi kutoka Kalengera ameketi pale na mzee mgonjwa pembeni yake.

"Papa Amani, hapana!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Hata mama wa mkaa aligeuka.

"Eeh! Kimya ameongea!" jirani alisema. "Mufunge biashara, volkano inarudi!"

Walicheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Lakini Papa Amani alikuwa amesimama, na nilijua nikinyamaza sasa ataondoka. Nikamwambia alete moja. Nilivuta tupa mbele yake. Nilimpa nati aizungushe mwenyewe, ikakwama katikati.

"Hii inashika leo," nilisema. "Ukipanda milima na batu ndani, itavutika. Mudogo wangu karibu afe mu gari ya namna hiyo."

"Lakini imepita mu moto, mwanangu."

"Ndiyo. Ndiyo sababu imechoka."

Aliijaribu nati mara ya pili. "Hayo ni maneno ya Mama Buloni," alisema, akikutaja kwa jina lako la sokoni.

"Ni yake."

Akamrudishia jirani bolti zake. Jirani alinung'unika, lakini jana aliazima tupa yangu, akidhani sioni anavyoipitisha juu ya bolti zake.

Nilifungua kopo la maziwa. Nilizichagua kama ulivyonifundisha, zilizotoka kwenye injini kubwa za dizeli, meno yake safi, na nati za rangi ya shaba zisizoganda. Kila moja niliizungusha kwa vidole mpaka mwisho. Nilipomaliza, nilianza tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ila mikono yangu haikutaka kuziachilia.

Usiku nilifikiri neno la Papa Amani, kwamba sisi hatusikii kitu tena. Najua alikuwa anatania. Lakini mimi bado nasikia, Mama mudogo. Milio ya risasi ikianza nashtuka kama mara ya kwanza. Nikipita mbele ya mlango wa chumba chako, nasikia. Asante kwa kutonifundisha kwamba nimezoea. Asante kwa kopo, kwa ukimya ulioniachia mpaka nikawa na kitu cha kusema, na kwa Bahati.

Nimemwambia Papa Amani asimame kwenu, gari lipoe, zile bolti zikazwe tena. Hana kle trezi, spana ya kumi na tatu. Nikamwambia wewe uliondoka na yako. Kabla hujampa, ingia chini uzishike mwenyewe zikiwa baridi. Ukikuta nimekosea, nitumie neno naye, sitakasirika.

Ukikuta ziko sawa, chukua Nyogokuru mpande mje. Chumba chenu nimekifagia. Na kama yeye hawezi safari, au wewe huwezi kumwacha, sema tu, usione haya. Mama ameshakubali: nitapanda mimi, safari itakayofuata, nije nikae nanyi hadi mavuno yaishe. Siogopi njia ile kama zamani. Nitaketi nyuma kabisa. Bolti zake nazijua.

Mutoto wa dada yako,
anayekaa mahali pako