Mama hakuwa anadeka

Jumanne

Leo nimeaibika mbele ya darasa zima. Sista anayetufundisha Kihispania huku ugenini, katika mtaa wa Kikuubo, alitupa maneno matatu. Llorar ni kulia tu. Sollozar ni kulia kwa kwikwi. Lloriquear ni kudeka, kujiliza kama mtoto anayetaka kubebwa.

Akaniambia nitunge sentensi. Nikachukua la tatu, nikasema hivyo ndivyo Mama alivyolia jana kwenye simu.

"Alilia nini?"

"Mimi naenda Hispania, yeye anabaki Bukavu peke yake."

Sista akanitazama. "Basi neno lake si hilo, binti yangu."

Jana nilimwambia Mama aache kudeka, nikakata simu. Tangu mchana nampigia, hapatikani. Ndege ni Ijumaa. Naogopa hilo litakuwa neno langu la mwisho kwake.