Swali la Tano kwa Wazee wa Uvira

Kilibula, Uvira, tarehe 9 Januari 1964

Kwa Mama Georgette, kule Luberizi,

Salamu zangu zikufikie weye na dada yako Charlotte, na mupunga wenu wote mpaka shina la mwisho. Unaamuka vizuri? Magoti yanasema nini na hii mvua? Minye niko muzima, niko muzito, watu wananiuliza nakunywa dawa gani.

Najua unashangaa. Ni miaka mbili na miezi nane tangu ulifunga vyombo ukapanda kamyo ya Luberizi, na sijakuandikia hata alama ya musalaba. Leo naandika kwa sababu iko kazi, na kazi ni kubwa, na aliyechaguliwa ni bwana yako.

Amefika hapa munganga mumoja, Munganga Eugène, Mubelgiji mwenye masikio kama majani ya magimbi, ametumwa na biro moja ya kazi za afya kule Bukavu. Anatafuta kujua kitu ambacho hakuna muntu amekwisha kukiuliza huku: wale waliopita miaka makumi tano, wangali wanaishi kama bibi na bwana? Wanaumwa wapi? Wanaona haya kusema kwa dispanseri? Anasema wanawake wenye mimba wanapimwa, watoto wachanga wanawekwa kwenye mizani, lakini wazee hakuna anayewapima, ni kama siku mvi zinatoka mwili unafungwa na kufuli na ufunguo unatupwa ziwani.

Alitaka muntu anayejua Kifaransa, anayejua Kiswahili, na anayejua watu. Nani tena? Ni minye niliyeangalia mashini za meli toka Albertville mpaka Kigoma, niliyekula meza moja na Wagiriki wa Usumbura, niliyesoma mpaka darasa ya tano. (Ya tano niliiona kwa dirisha. Lakini niliiona.) Fishi, ile karatasi ya kujaza majibu, iko na maswali kumi na moja. Yalikuwa kwa Kifaransa, nikayageuza yote kwa siku moja, na swali la tano, ambalo ndilo moyo wa kazi, niliandika hivi: «Mara ya mwisho mulilala pamoja ni lini?» Ona namna linateleza.

Shida ni wanawake. Nilimuuliza Mama Apolline, yule anayeanika ndagala, wale samaki wadogo, akanipiga na ndoo ikiwa na maji yake ndani. Basi nakutumia fishi makumi mbili. Uliza wamama wa kule. Weye masista walikufundisha kalamu, na watu wanakuambia mambo hata kabla hujauliza.

Ni minye bwana yako, kama neno hilo lingali linafanya kazi,
Baba Georgette

—

Luberizi, tarehe 27 Januari 1964

Baba Georgette,

Salamu nimezipata. Charlotte anakohoa kidogo, mupunga unaendelea. Magoti yangu yamekushukuru, yanasema yalikuwa hapa hata mwaka jana ukiwa umenyamaza.

Nimesoma barua yako mara mbili, Charlotte akacheka mpaka akakaa chini. Mambo ya kitanda cha watu wamekupa weye? Weye uliyetoka hospitali ya Usumbura, ukachukua mukeka, ukalala saloni, pale tunapokea wageni, mwaka muzima bila neno? Kisha ukaenda kwa kilabu cha pombe kusema ati kule Usumbura iko wanawake watatu wanakulilia mumoja mumoja kwa zamu? Niliyasikia hayo kwenye mustari wa maji, Baba Georgette, nikiwa na ndoo kichwani. Ndiyo maana nilipanda kamyo, kama ulisahau.

Fishi zimefika. Tumeweka jiwe juu, upepo usizichukue. Sijasema ndiyo.

Mama Georgette

—

Kilibula, tarehe 20 Februari 1964

Kwa Mama Georgette,

Pole na kikohozi cha Charlotte. Mumupe majani ya mukaratusi, avute mvuke. Huku tuko salama, ziwa limejaa, samaki mukeke wanapatikana.

Sikia matokeo! Wazee makumi ine na mumoja nimewauliza mwenyewe, toka Kilibula mpaka kule mawe yanaanza. Kwa swali la tano, makumi ine wamejibu: «Jana.» Jana, Mama Georgette! Muzee Thaddée, ambaye hajui mwenyewe kama ni makumi nane ao kenda, alinitazama kama mujinga: «Jana. Na juzi. Na leo, Mungu akitaka. Unafikiri nalala wapi?» Yule mumoja aliyekataa, bibi yake alikuwa safari.

Munganga Eugène alihesabu fishi mara tatu. Ametuma telegramu Bukavu, na Bukavu wamejibu wanauliza watu wa Uvira wanakula nini. Nimewaambia mukeke wa kuchoma na ndimu. Pengine jina langu litaingia kwenye kitabu.

Lakini iko kitu kimoja nakuambia weye tu. Ukimuuliza muzee swali la kwanza anakasirika. La pili anacheka. Likifika la tatu, anaondoka bila kusimama. Macho yanavuka maji mpaka ngambo, kule milima ya Burundi inaelea juu ya ukungu bila miguu, na anaanza kusema na muntu minye simuoni. Muzee Antoine, macho yakiwa kule kule, akasema, «Alikuwa na kisigino kidogo, unajua.» Basi. Sikupata mahali pa kuandika kisigino. Nikaandika pembeni.

Juu ya yale mengine uliyoandika, nitajibu. Si leo.

Baba Georgette

—

Luberizi, tarehe 8 Machi 1964

Baba Georgette,

Charlotte amepona, amerudi shambani. Maji yameingia mupunga vizuri. Asubuhi mbingu yote iko chini, unatembea unaogopa kukanyaga mawingu.

Nilianza kazi yako. Wa kwanza alikuwa Mama Pétronille. Swali la tano, akajibu: «Jana.» Nikaandika. Kisha nikakumbuka kitu, nikamuuliza, «Na bwana yako alikufa mwaka gani?» Akasema, «Cinquante-sept,» yaani makumi tano na saba. Nikaweka kalamu chini. Akaona uso wangu, akaingia ndani, akatoka na koti la yule muzee, limekunjwa vizuri, kola imeisha. «Tunalala pamoja,» akasema. «Uliuliza kulala.»

Baba Georgette wee! Uliuliza watu usingizi! Nyumba iko na kitanda kimoja, ulitaka walale wapi, juu ya bati? Na Munganga masikini ametuma telegramu! Charlotte alipoelewa alianguka ndani ya maji ya mupunga na nguo zake zote.

Nilipeleka hilo neno shambani, nikawauliza wamama, tuseme namna gani basi? Walibishana. Léocadie akasema neno la kitabu cha padri, wakamupigia kelele. Mwisho Mama Pétronille ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa: «Uliza kama wanageukiana.» Tukaendelea kung'oa majani, na hakuna aliyeuliza maana yake.

Basi niliuliza hivyo. Wamama kumi na tisa. Saba wanageukiana, na mumoja kati yao iko na miaka makumi saba, alijibu akiwa amefunika mudomo kama musichana. Watatu wamechoka, wanashukuru wamepumzika. Wawili wanaumwa na hawajasema kwa infirmier wa dispanseri hata siku moja, kwa sababu ni mutoto waliyemuona akinyonya. Watatu ni wajane. Mumoja alisema hamu inakuja na harufu ya mvua ya kwanza, inakaa naye jikoni kidogo, inaenda. Na watatu walisema bwana aliacha kugeuka na hakusema sababu.

Fishi ya kumi na tisa ni ya mwanamuke wa miaka makumi tano na mbili. Sikuandika jina. Kwa swali la tano alijibu: «Bwana yangu alitoka hospitali akanipa mugongo. Nilinusa nguo zangu. Nilifikiri ni minye nimeanza kunuka uzee.» Kwa swali la sita, kama angependa kugeukiwa tena, alijibu: «Muulize yeye.»

Nakutumia zote.

Mama Georgette

—

Kilibula, siku ya Pasaka, 29 Machi 1964

Mama Georgette,

Pasaka njema kwako na kwa Charlotte. Hapa kengele zimelia vizuri, lakini kanisa halikujaa. Watu wengi wanasema mambo ya fujo kule tambarare, weye uko karibu nayo kuliko minye. Muko salama? Niambie kama muko salama.

Fishi zako nilizisoma nimesimama, kisha nimekaa. Nilimupelekea Munganga. Nilifikiri atanifukuza. Alisoma, akaweka uso ndani ya mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nikasema nimemuua muzungu wa watu. Kumbe anacheka. Kisha akapangusa macho, akasema, «Marcellin, anza upya. Na neno la yule mama.»

Nikaanza upya, mulango kwa mulango, minye mwenye mashini, minye mwenye Kigoma. Walinipokea na kelele, «Huyu tena!» Lakini nikiuliza, «Munageukiana?», hakuna tena «jana». Muzee Thaddée akasema, «Sasa umeuliza.» Akafunga mulango, minye nikiwa ndani, kabla ya kujibu. Wote walifunga mulango. Kumi na nane, Mama Georgette. Kumi na nane waliniambia wamewapa wabibi wao mugongo, na hakuna hata mumoja aliyefanya kwa chuki. Ni woga. Mwili uliitwa haukuitika, mara moja, mara mbili, basi muntu anageukia ukuta kusudi asiitwe tena. Na kila mumoja aliamini ni yeye peke yake duniani. Minye nilikuwa napita barabarani na kumi na nane ndani ya fishi, naona mutu anamusalimia mwenzake, «Habari za nyumbani?» «Nzuri, nzuri.» Nilitaka kulia katikati ya soko.

Fishi ya makumi ine na mbili niliijaza mwenyewe. Hii hapa, haijapita kwa Munganga.

Miaka: makumi tano na nane. Ugonjwa: kibofu, kilipasuliwa Usumbura, mwaka wa uhuru wetu. Swali la tano: hapana, tangu siku ile. Sababu: mwili hausikii. Nilijaribu kuuita peke yangu na haukunijibu, nikaogopa utanyamaza mbele yako. Nikachukua mukeka. Juu ya wale wanawake watatu: wa kwanza anauza mikate. Wa pili ni mama ya Mugiriki, hana meno. Wa tatu hata jina sikupata la kumupa, watu wa kilabu hawakuuliza. Ni uongo, toka juu mpaka chini. Nilipendelea useme bwana yangu ni muhuni kuliko useme bwana yangu amekwisha.

Hukunuka kitu. Unanuka sabuni na moshi wa jikoni, na niko naona haya kukuambia kwamba kitambaa ulichosahau kwenye mulango kinalala kitandani, minye na Mama Pétronille tunaelewana.

Munganga anasema kugeukiana si mashindano ya kufika mwisho. Anasema iko mikono, iko maneno, iko joto tu. Aliandika hivyo kwenye rapoti yake, nilisoma na macho yangu.

Rudi. Na kama ni hapana, andika hapana, herufi sita, nitaweza kuzisoma.

Bwana yako wa kweli, asiye na watatu,
Baba Georgette

—

Kilibula, tarehe 24 Aprili 1964

Mama Georgette,

Unaamuka? Charlotte anaamuka? Sijui naandikia nani; majuma karibu ine na hakuna neno. Kamyo ya posta haipiti tena Sange. Watu wanaotoka kule wanasema waasi wako barabarani na mikuki na majani kichwani, wengine wanasema ni askari wanaochoma nyumba. Kila mutu anakuja na habari yake na anakwenda nayo. Munganga Eugène aliitwa, alipanda meli juzi. Aliniachia fishi zote ndani ya sanduku, akanipa mukono na mikono yake miwili.

Sikuulizi tena jibu. Nauliza kama uko.

Nilikuota. Ulikuwa unatembea juu ya mupunga, maji hayakukusumbua, na kila nikikuita unainua kidole, kama muntu anayehesabu na hataki kupoteza hesabu. Nilikuacha uhesabu.

Barua hii nampa Inamahoro anayepandisha ng'ombe zake upande wenu kwa njia za ndani. Anasema ng'ombe hawaulizwi karatasi.

Baba Georgette

—

Luberizi, tarehe 6 Mei 1964

Baba Georgette,

Niko. Charlotte iko. Salamu zako zote zimefika siku moja: ya Pasaka ilikuwa imekaa Sange ndani ya gunia la posta, mutu akaliokota, akagawa barua sokoni kwa kusoma majina kwa sauti. Ya Inamahoro ilifika jana, inanuka ng'ombe. Nilizisoma kwa kufuata tarehe, kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

Nilikasirika kwanza. Miaka mitatu nilichukia muuza mikate nisiyemujua. Nilichukia mama ya Mugiriki! Ungesema neno moja tu saloni, ningeleta mukeka wangu karibu na wako, tungelala sakafuni kama wasafiri. Haukunipa hata nafasi ya kukuonea huruma. Hilo nitakuambia mbele ya uso wako, na utasikiliza mpaka mwisho bila kutaja Kigoma.

Kisha hasira ikaenda mahali pake. Nilikaa mulangoni. Moshi ulikuwa umelala juu ya tambarare nzima, mweupe, laini, ungesema ni ukungu wa asubuhi, na ndege weupe wakatoka ndani yake wakaingia tena. Sikuogopa. Nilikuwa nafikiri mwili wangu nao ulinyamaza mara nyingi, na hakuna aliyeuliza, hata minye.

Charlotte anavuka muto Ruzizi kesho na watoto wake, wanaenda Burundi. Alitaka niende naye. Nimekataa. Minye na Bernardine, yule anayeuza muchele, tunashuka kwa miguu kuja Uvira, tunapita chini kwenye mashamba, mbali na barabara. Bernardine anasema siku mbili. Na magoti yangu ni tatu.

Katekista Léopold anatangulia na kinga, ile baiskeli yake, ndiye anachukua barua hii. Usiijibu. Ukijibu, jibu lako na minye tutapishana njiani.

Bibi yako