Nani Mgeni Kombewa?

Jumanne usiku

Na Jumamosi kuna kikao cha mipaka! Baba atasema nini?

Yeye mwenyewe ndiye aliyenituma ofisi ya ardhi, nimletee ushahidi wa kumnyamazisha jirani yetu wa Kombewa, Mzee Omolo. Miaka yote Baba anamwita jadak, yaani mgeni aliyepewa tu mahali pa kujenga. Humwita hivyo hata kwa matanga, mdomo ukiwa umejaa nyama.

Huko nimesoma faili ya zamani ya shamba letu mara tatu. Mwenye shamba ni babu yake Omolo. Babu yetu ametajwa chini kabisa: mgeni, ameomba mahali pa kujenga, amekubaliwa.

Jadak ni sisi.

Nikampigia Baba simu, nikamsomea polepole kwa sababu ya presha yake. Nilidhani mtandao umekatika.

"Baba?"

"Nakusikia."

Huyu mzee amewatukana makarani wa ardhi maisha yake yote, eti wanapoteza faili za watu. Leo ameniuliza, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Nyathina, mwanangu, na hiyo haiwezi kupotea?"