Marais Wawili wa Runinga na Ndevu Nusu

Sikia, rafiki yangu: Domo kachukuliwa. Domo, kinyozi mwenzangu, mzima mzima na aproni yake.

Alikuwa akimnyoa mgeni huku akilinganisha marais wa tamthilia mbili za runinga. "Wa kwanza anaiba akilia, wa pili anaiba akicheka. Bora huyo, anachangamsha."

Mgeni kauliza taratibu, "Na wetu, kaka?"

Na wetu, eti. Wembe uko shingoni mwa mgeni, lakini jasho linamtoka Domo.

Unamjua, mdomo wake hauna breki. "Wetu anafanya yote mawili, tena bila matangazo."

Mgeni hakucheka. Kainuka na ndevu nusu, povu shavuni. Nje gari linanguruma.

"Beba wembe," akasema. "Nusu iliyobaki utanimalizia kwetu."

Kaubeba. Simu yake kaiacha hapa, na inaita. Ni mkewe. Nimwambie nini?