Roboti Aliyetafuta Mahali pa Kulala

Papa yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika. Mama ameniambia nisubiri hasira zipoe kwanza, lakini zikipoa nitaanza kukusifu kama watu walivyokusifu siku ya mazishi, na leo sitaki kukusifu. Nataka kugombana na wewe.

Unakumbuka wale watu niliokuwa nikiwachora pembeni mwa madaftari ya shule, ukasema nitaishia kuuza mikate sokoni? Sasa wanatembea kwenye kompyuta, na ndiyo kazi yangu. Tangu mwaka jana tuko watatu katika chumba kimoja hapa Makiso, tunatengeneza filamu ya katuni ya watoto. Ni Kisangani ya miaka mia ijayo, ambako pirogi za wavuvi zinaruka juu ya mto na mashine kubwa ya zamani inaamka chini ya maporomoko ya Tshopo. Filamu nzima ni dakika ishirini na mbili. Ukiona ni kidogo, njoo uchore pirogi moja mara mia nne, na umeme ukatike ukifika ya mia tatu.

Anayegharamia ni bwana mmoja wa Kinshasa. Sio mtu mbaya, na anajitahidi kusema Kiswahili chetu. Kila tukimtumia kipande anapiga simu: "Bon, iko muzuri. Mais adui iko wapi? Batoto banapenda adui. Ile mashini, muipasue ku mwisho. Boum! Batapiga makofi."

Miezi minane nilimkatalia. Alinitumia hata maandishi ya wataalamu kuhusu filamu bora ya watoto: rangi kali, kichekesho kila dakika, chombo cha ajabu, adui, ushindi. Nilisoma yote. Sikuwa na jibu la kitaalamu, Papa, nilikuwa na wewe tu. Nikamweleza habari za Jumamosi zako.

Nilimweleza ule ukumbi wako wa video kule Mangobo, kuta za mbao na turubai, mabenchi sita, televisheni ndani ya kasha lenye kufuli. Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya watoto, na watoto walitaka kaseti moja tu, ya yule roboti mkubwa wa kijivu mwenye jicho moja jekundu. Filamu ilisema lugha ambayo mtaani hakuna aliyeijua. Wewe ulidai unaijua. Ulisimama kando ya televisheni na fimbo yako, ukatutafsiria kila neno.

"Musimuogope," ulisema akitokea. "Anatafuta tu fasi ya kulala."

Kwako wewe roboti alitoka Isangi, akapanda mto kumfuata tonton, mjomba wake, aliyemwahidi chumba. Wale watoto waliomfukuza na vindege vyao walikuwa watoto wa mwenye nyumba, wanataka ahame. Kila alipobisha hodi, alikuta pamejaa. Akinguruma, ulitafsiri: "Anasema, samahani mama, nitalala hata ku baraza." Tulicheka mpaka benchi likapinduka. Baadaye kidogo hatukucheka tena, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumewahi kulala kwenye baraza za watu.

Halafu picha ilikatika, kioo kikajaa madoa meupe. Siku zote ilikatika palepale. "Deki ilikula kaseti," ulituambia, ukazima, ukageukia mabenchi. "Bon. Leo atalala kwa nani?"

Ukumbi mzima ulisimama. "Kwetu, Papa Video! Kwetu kuko fasi!" Watoto waliolala tisa chumba kimoja waliapa kwamba kwao kuna nafasi ya roboti mrefu kuliko kanisa. Ulimchagua mmoja, naye alitembea wiki nzima kifua mbele. Mimi nilikaa benchi la mbele miaka yote hiyo, nikinyoosha mkono mpaka bega likauma, na hukunichagua hata siku moja. Hilo nalo nimekuja nalo leo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita niliipata ile filamu kwenye mtandao. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwita binti yangu Grâce, ana miaka saba, hukuwahi kumwona, nikamwambia njoo umwone rafiki wa babu yako. Siku hizi ile lugha naisikia kidogo, Papa. Roboti yule hatafuti mahali pa kulala. Amekuja kuuchoma mji! Wale watoto wa mwenye nyumba ndio mashujaa. Pale ulipotafsiri "samahani mama," anasema atawasaga wote. Na mwisho, ule tusiouona, wanamtia bomu kifuani, anapasuka vipande vipande, watu wanacheza ngoma.

Grâce alipiga makofi. Halafu akaniuliza kwa nini nalia.

Nililia kwa hasira. Miezi minane nilikuwa nabishana na mtu mzima kwa kutumia filamu ambayo haipo. Hukujua neno hata moja! Ulisimama pale na fimbo ukatudanganya watoto wa mtaa mzima, nami nikajenga maisha yangu juu ya udanganyifu huo. Basi nikampigia bwana wa Kinshasa nikamwambia sawa. Nilichora mlipuko siku tatu. Moshi, vyuma vinaanguka mtoni, maji yanaruka mpaka darajani. Uchungu ni kwamba ulitoka vizuri.

Jumatano nilikwenda kwa Mama nikiwa na hasira zangu zote. Alikuwa anachambua majani ya pondu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akafungua sanduku lake, akatoa kaseti chini ya vitenge.

"Angalia mwenyewe," akasema.

Nikauvuta ule utepe mpaka ulipoishia. Kama ni deki iliyoula, ungekuwa umekunjamana. Huu ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umenyooka, na ncha iliyobaki imebandikwa kwenye gurudumu la kaseti kwa gundi ya skochi.

"Siku ya kwanza alionyesha yote," Mama akasema. "Ile mashini ikapasuka, batoto bote bakaingia chini ya mabenchi. Bote! Weye pia. Mumoja alikatala kutoka mpaka mama yake akakuya kumubeba. Vita ilitoka tu kuisha, mabomu ilikuwa ingali mu masikio yabo. Papa yako akarudi hapa, hakukula. Akakamata mukasi yangu ya kushona. Mukasi muzuri! Haikukata tena kitambaa."

Sikumbuki, Papa. Nilikuwa na miaka mitano, na sikumbuki chochote cha siku hiyo. Nakumbuka tu fimbo na "musimuogope."

Kwa hiyo ulijua. Ulijua roboti yule ni nani, ukampa shida ya mtu asiye na pa kulala na jina la kijiji cha kutoka. Na hukuniambia! Uliugua miezi mitano, nilikuwa nakulisha uji kila asubuhi, tukaongea habari za kila mtu mpaka kuku wa jirani, ukashindwa kusema maneno matatu: mwanangu, nilikata mwisho. Nimezunguka mwaka mzima nikitafuta filamu nzuri ya watoto inatengenezwaje, na jibu lilikuwa chini ya vitenge vya Mama. Wataalamu wameandika kurasa na kurasa kuhusu roboti. Hakuna aliyeandika kwamba kwanza utazame nani amekaa kwenye benchi.

Utaniambia watoto wa leo ni wengine, Grâce alipiga makofi. Ni kweli. Lakini darasani anakaa na mtoto aliyekimbia vita na shangazi yake kutoka Kivu ya Kusini, na mlango ukibamizwa yule mtoto anaziba masikio. Filamu itaonyeshwa shuleni kwao kesho.

Jana niliufuta mlipuko wangu, siku tatu za kazi. Sasa, kwa picha tulizokwisha kuchora, mashine inatoka majini, inavuka mji mzima taratibu, inasimama kwenye uwanja wa shule, inawatazama watoto. Hapo picha inakoma. Nilimpigia bwana wa Kinshasa. Nikamweleza, akauliza, "Et la fin? Mwisho iko wapi?" Nikamwambia watoto ndio watausema. Akakata simu. Anakuja kesho na ndege, kujionea mwenyewe, na wenzangu wawili hawanisemeshi tangu jana, maana kama akijitoa sote watatu tunarudi nyumbani.

Naogopa, Papa. Wewe ulikuwa na mdomo. Mimi nachora kwa sababu mbele ya watu mate yananikauka. Kesho nitasimama kando ya kitambaa cheupe, na fimbo yako, niwaulize watoto mia moja mashine hii italala kwa nani. Na wakikaa kimya je?

Asubuhi hii Grâce amesukuma kitanda chake mpaka ukutani, akafagia nafasi iliyobaki. "Mama, utanichagua mimi, si ndiyo?" Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nikaona siwezi. Kutakuwa na mtoto kule nyuma aliyenyoosha mkono juu kuliko yeye, na mimi ndiye mwenye mashine. Alinitazama kwa jicho ambalo nadhani nililitumia kukutazama wewe.

Jumatano nilimlalamikia Mama hata hilo, kwamba hukunichagua kamwe. Alikuwa anairudisha kaseti chini ya vitenge, ilikolala kila usiku tangu siku za ukumbi, akacheka mpaka akakaa kitandani.

"Weye naye! Roboti alikuwa analala kwabo nani, basi, siku zote hizo?"

Bado nimekukasirikia. Nitakuletea habari kaburini Jumapili, ziwe nzuri au mbaya.

Binti yako wa benchi la mbele.