Darasa Nililolipaka Nyekundu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Hujambo? Unalala vizuri? Kile kifua kilichokuwa kikikubana siku za baridi kimekuachia, au bado mnaishi wote? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mama naye yupo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujaugua hata siku moja. Juzi alimsema fundi bomba mpaka yule bwana akaondoka akasahau spana yake jikoni kwetu, na hadi leo hajathubutu kuifuata.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Pengine umeigeuza bahasha huku na huku ukidhani kuna msiba. Hakuna msiba mpya. Anwani yako nimepewa na mama, tena amenipa bila kuuliza neno, jambo ambalo unajua si kawaida yake. Nilijaribu kwanza kukupigia simu. Uliposema haloo, nikakata. Kama hivi karibuni ulipigiwa na mtu asiyesema kitu, mtu huyo ni mimi. Kwenye karatasi angalau naweza kulia, nikapangusa macho, nikaendelea.

Acha nianzie mbali kidogo, maana nikikurukia na jambo lenyewe hutanielewa.

Unamkumbuka yule mzee wa taaluma pale shuleni kwetu, aliyekuwa akipanga ratiba ya vipindi kwa vikadi na pini kwenye ubao? Chiriku wangu alipofariki, kabla hata sijarudi kazini, mzee yule alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akaniambia taratibu kwamba kidato cha kwanza B hatanipa. Sikuwa nimemwomba. Alijua tu kwamba siwezi kusimama mbele ya darasa alilokuwa akisoma mwanangu. Mwaka uliofuata watoto wale wakaingia kidato cha pili, akaniruka. Wakaingia cha tatu, akaniruka. Kemia yao aliichukua mwenzangu, yule wa miwani minene. Nami nikiwaona wanakuja kwenye korido, nilizunguka nyuma ya maktaba. Watu walinizoea hivyo, wakaacha kuuliza.

Mzee akastaafu. Mwaka huu tumeletewa kijana anayejua kompyuta, nasi tumembatiza Bwana Ratiba. Amekuja na programu ambayo eti ukiilisha habari za walimu na madarasa, inapanga yenyewe. Alituita mmoja mmoja ofisini, tukae naye tujaze mapendeleo. Kila darasa, kila siku na kila chumba kina kisanduku chake mbele ya jina lako. Kijani maana yake unalitaka, njano maana yake lolote sawa, nyekundu maana yake usipewe kabisa. Ungecheka, mdogo wangu. Mwalimu wa michezo alipaka nyekundu Jumatatu zote asubuhi. Mwalimu wa historia alikataa kila chumba kilicho karibu na vyoo. Mwalimu wa dini alitaka kijani kila mahali, akaambiwa kompyuta haitaki unafiki, achague. Ilipofika zamu yangu nilipaka nyekundu mahali pamoja tu, kidato cha nne B. Bwana Ratiba hakuniuliza sababu. Alikuwa na foleni mlangoni.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mwenzangu wa miwani akahamishwa. Bwana Ratiba akanifuata maabara, kompyuta ndogo imekumbatiwa kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Mwalimu, imegoma," akaniambia.

Akaniwekea mezani nione. Kila akibonyeza ipange, inazunguka weee, mwishoni inaleta jibu lile lile, kwamba kuna darasa moja halina mwalimu wa kemia. Akasema kizuizi ni kile kisanduku changu chekundu, akaniomba nikifanye njano, si lazima kijani, njano tu. Nikamuuliza kama anajua kwa nini nilikipaka vile. Akacheka, akasema alidhani darasa lile lina kelele. Nikawafikiria watoto wa watu wakiingia chumba cha mtihani wa mwisho bila kemia. Nikamwambia aweke. Akabonyeza, na kabla sijamaliza kutafuta leso, mashine ilikuwa imeshaipanga shule nzima.

Sijui nikuelezeje siku niliyoingia darasani mle. Dawati la Chiriku linakaliwa na mtu mwingine, kama inavyopaswa. Si hilo lililonivunja. Lililonivunja ni urefu wao. Miaka yote mimi nimemweka mwanangu kichwani na umri wake ule ule, kaptura yake, sauti yake nyembamba isiyonyamaza, ile iliyokufanya wewe umpachike jina la Chiriku. Nilikuwa nimesahau kwamba wenzake hawakusimama kumngoja. Wavulana wameota ndevu. Waliponiamkia, sauti zilikuwa za wanaume. Nikamtafuta kati yao bila kutaka, nikajaribu kukisia angekuwa mrefu kiasi gani, kama yule wa dirishani au yule wa nyuma yake. Nikaugeukia ubao nikaandika somo la asidi, na chaki ikavunjika mkononi.

Nilizoea kidogo kidogo. Lakini kulikuwa na binti mmoja, kiranja wa darasa, ambaye hakuwahi kunitazama usoni. Walimu wengine wanamsifu kuwa kichwa chake ni moto. Kwangu alikuwa akileta karatasi ya zoezi imeandikwa jina tu. Nilidhani hanipendi, nikasema basi, si wa kwanza.

Wiki iliyopita, baada ya majaribio ya maabara, wenzake walitoka, yeye akabaki anaosha vikombe vya vioo ambavyo vilikuwa vimeshatakata. Nikamwambia aviache aende akale. Hakugeuka. Akasema, "Mwalimu, siku ile mimi ndiye niliyekuwa naye."

Sasa mdogo wangu, keti chini kama umesimama.

Wewe ulituambia sote kwamba ulimchukua Chiriku kwenye lori lako, ukaenda naye machimboni kupakia kokoto, ukamwacha acheze peke yake kando ya lile shimo lililojaa maji ya mvua, ukashughulika na mzigo wako. Ndivyo ulivyomwambia mama. Ndivyo ulivyonitazama machoni ukaniambia. Nami siku ya mazishi nikakwambia mbele ya watu kwamba hujui uchungu wa mtoto kwa kuwa huna wako, utoke machoni pangu, usirudi tena. Hukujitetea hata kwa neno moja. Ulichukua mkoba wako ukaondoka.

Binti ameniambia hukumchukua mtu yeyote kwenye lori. Walikuwa wamepewa kazi ya jiografia, kufinyanga mfano wa mlima, na Chiriku akajitapa kwamba anajua udongo mzuri unakopatikana. Wakaenda machimboni wenyewe, wawili, kwa miguu. Walipokuwa wakichimba, ukingo wa shimo ukamomonyoka, binti akatumbukia. Chiriku akamfuata. Mkono mmoja akashika mzizi, wa pili akamshika mwenzake, wakapiga kelele. Wewe ulikuwa ng'ambo unafunga turubai la lori. Ukaja mbio, ukajitupa majini na viatu vyako.

Anasema mwanangu alikwambia, "Mjomba, mtoe huyu kwanza, mimi nimeshika."

Ukamtoa huyo kwanza. Ulipogeuka, mzizi ulikuwa umeng'oka.

Anasema ulizamia na kuibuka, ukazamia tena, mpaka akadhani nawe hutatoka. Anasema ulipomleta Chiriku juu ulimhangaikia muda mrefu ukimwita mjomba, mjomba, kama mlivyozoea kuitana. Halafu ukanyamaza. Ukamvika binti koti lako, ukapiga magoti mbele yake, ukamwambia aende nyumbani aseme ameteleza mtaroni. Ukamwambia, "Wewe hapa hukuwepo, Chiriku nilikuja naye mimi." Akauliza kwa nini. Ukamwambia yeye ni mtoto, mzigo huu ni wa mtu mzima.

Naye akatii. Hakumwambia hata mama yake. Siku ya mazishi alikuwa amepangwa na wanafunzi wenzake nyuma ya viti, akanisikia ninavyokufukuza. Alitaka kusema, hakuthubutu. Tangu hapo akajiwekea ahadi kwamba siku nitakapoingia kuwafundisha, ataniambia. Kila mwaka ratiba ilipobandikwa alikuwa wa kwanza kukimbilia ubaoni, akitafuta jina langu kwenye darasa lao. Kila mwaka halikuwemo. Akaamini nimejua kila kitu, na kwamba ninalikwepa darasa kwa ajili yake. Mwaka huu alipoliona, ilimchukua muda wote huu kupata ujasiri.

Mimi nilikuwa nikiukimbia uchungu, kumbe nilikuwa nikimkimbia mtu pekee aliyekuwa na habari za mwanangu.

Sikumkumbatia, mdogo wangu. Nisikudanganye. Nilimwambia aende akale, nikafunga mlango wa maabara, nikakaa sakafuni kati ya meza mpaka mlinzi akaja kubisha. Kesho yake ndipo nilipomwita. Nikamwambia kwamba Chiriku hakumwacha azame, basi na mimi simwachi. Alilia mpaka akapata kwikwi. Tukamweleza mama yake pamoja, nyumbani kwao. Yule mama alinishika mikono, nami nikamshika yake.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikitafuta nikwambie nini. Neno la msamaha nikilileta kwako naona halina miguu ya kufika. Nilikutukana, na wewe ukayabeba matusi yangu ukaenda kuishi nayo kwenye chumba cha kupanga, mji wa watu, wakati mikono yako ndiyo iliyomtoa mwanangu majini. Nisamehe. Nimelisema ingawa ni dogo.

Lakini pia nimekukasirikia, tena sana, na hili lazima ulisikie. Ulimsitiri mtoto wa mwenzangu, sawa, nakushukuru kwa niaba ya mama yake. Ila ulipomsitiri yeye, ulininyang'anya mimi. Miaka yote hii nimelala nikimwona mwanangu anacheza peke yake, anateleza kama kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza, bila maana yoyote. Kumbe alikuwa ameshika mtu. Kumbe alisema neno, tena neno la mwisho, na ulikuwa nalo wewe, hukunipa. Ungenivuta pembeni, mdogo wangu. Ungeninong'oneza hata siku ile ile nilipokufukuza. Ungenishika kinywa ukaniambia dada, mwanao alisema hivi. Mimi ni mama yake.

Sasa namtaka mtu wa kunieleza yote. Binti alikuwa pembeni, ametapika maji, ana baridi, hakuona kila kitu. Wewe ulikuwa naye majini. Nataka kujua kama aliogopa. Nataka kujua sauti yake ilikuwaje aliposema ameshika. Nataka kujua wapi hasa ulimlaza. Usiniandikie hayo. Njoo unieleze kwa mdomo wako, na ukishindwa kusema, tutakaa tu.

Mama sijamwambia lolote. Hilo nimekuachia wewe, ni haki yako kulisema mwenyewe na kuoshwa nalo. Yeye anajua tu kwamba nakuandikia. Jana nimemkuta anatandika kile kitanda cha chumba cha uani, nilipomuuliza akasema anakung'uta vumbi.

Nisalimie wote wanaokufanyia wema huko, hasa huyo jirani ambaye mama anasema anakupelekea uji ukiumwa. Mwambie ana dada huku. Na usikae ukitafakari barua hii mpaka karatasi ichakae. Panda basi. Sijui nikikuona nitakukumbatia au nitakupiga kofi, pengine yote mawili, lakini njoo.

Wako mwenye uchungu na upendo,

Dada yako.