Kwa Baba Kendi, Kuhusu Mbwa Wako Sajenti

Baba Kendi, jirani yangu,

Salaam aleikum, na kama huko uliko hawaitikii hivyo, basi habari yako. Mimi nimechoka. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na hii kalamu pia inakwaruza kama imechoka. Unajua niliacha shule darasa la nne na mwalimu akafurahi kuliko mimi, kwa hivyo usome polepole.

Mazishi yako yalikuwa mazuri. Pasta alikusifu mpaka nikadhani wamekosea jeneza.

Sasa nikuambie habari ya mbwa. Unakumbuka siku uliyomleta hapa Burat, ametiwa ndani ya gunia kama makaa, ukampa jina la Sajenti? Miaka yote ulikuwa askari wa kampuni ya ulinzi, unatembea na mbwa wakali wa kung'ata watu. Halafu unastaafu, unajiletea mbwa anayeogopa bata! Nikakuambia juu ya fensi, "Huyo hata konstebo hafiki." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ukamjengea vile vitu vyako vya mazoezi. Tairi la lori la kuruka katikati. Pipa lililotolewa vifuniko, apite ndani. Na ule ubao mrefu juu ya gogo, ambao mbwa akivuka katikati, upande wa pili unashuka kwa kishindo. Tairi akajua. Pipa akajua pia, baada ya wewe kutambaa ndani kumwonyesha na kukwama, Mama Kendi akikuvuta miguu huku akikutukana kwa Kimeru. Lakini ubao, wapi! Ulimshika mkanda, ukamshika tumbo, ukatembea kando yake ukimwambia, "Pole pole, usianguke, pole pole." Akifika katikati anatetemeka, analala kifudifudi. Kila jioni ni hivyo.

Nikakuambia, "Si umwachilie?"

"Mzee, wewe unajua ngamia. Nyamaza."

Nikanyamaza. Ile siku tu.

Ulipoondoka, Sajenti aliingia chini ya mkokoteni akakataa kutoka. Na Mama Kendi anahamia Meru kwa binti yenu, nyumba ya kupanga, mbwa hawatakiwi. Akaja mkulima mmoja wa huko mtoni, anatafuta mbwa wa kulinda shamba. Kumwona tu, Sajenti akajikojolea.

"Mama, hii ni mbwa ama ni sungura?" mkulima akasema. "Nikimaliza kuvuna nyanya nitapita tena. Lakini ikiwa hivi, siwezi."

Asipochukuliwa, ni barabarani, na pikipiki zitammaliza. Mama Kendi akaniangalia juu ya fensi. Mjane akikuangalia hivyo, utafanya nini?

Basi kila siku baada ya alasiri nikawa naingia kwako. Kumshika, simshiki. Unajua sisi Waislamu na pua ya mbwa iliyolowa, na kwa magoti haya sitaki kurudia udhu. Nikaweka kiti mbali, upande ule ubao unaposhukia, na utumbo wa mbuzi chini, nikamwita kwa Kiborana, "Kottu!" Njoo. Asipokuja, najilalia palepale. Sikumvuta wala sikumbembeleza. Nilikuwa nimechoka hata kumwogopea.

Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Mkono wako ulikuwa unatetemeka kabla ya miguu yake, Baba Kendi. Alikuwa anasikia hofu yako kwenye mkanda. Mimi aliniona nakoroma, akafikiri kumbe hakuna hatari.

Jioni moja nikaamshwa na kishindo. Kufungua jicho, Sajenti yuko mbele yangu anakula, mkia juu. Amevuka peke yake! Nikageukia fensi haraka nikutukane. Hakukuwa na mtu.

Sajenti akarudi akavuka tena, na tena, kama mwendawazimu, ubao unapiga chini pu, pu, na mimi sina wa kumwambia.

Mkulima alirudi. Akamtazama Sajenti akivuka ubao, akasema, "Ebu apande tena." Akapanda. Kisha Sajenti akamwendea, akamnusa viatu, akabaki mkavu. Mkulima akafungua nyuma ya pikapu, akainama ambebe. Hakungoja kubebwa. Aliruka mwenyewe, akasimama nyuma ya kabini akitazama barabara, wala hakugeuka.

"Hata kwaheri hasemi?" Mama Kendi akasema.

Nikamwambia asikasirike, hata wewe hukuaga.

Ijumaa Mama Kendi naye anafunga mlango. Nimechoka kusindikiza watu, Baba Kendi. Wewe pumzika, mbwa wako haogopi tena. Mimi niko hapa, natafuta mtu wa kugombana naye, na hawa waliobaki wote wananiheshimu.

Jirani yako wa ng'ambo ya fensi